Nesi Aliyeuliza Mara Tatu

Visiga nzima tulimwita Nesi, kana kwamba zahanati haikuwa na nesi mwingine. Walikuwapo wengine watatu, na hao tuliwaita kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye alikuwa Nesi tu, hata akiwa gengeni anachagua nyanya, hata akiwa amevaa sare ya harusi ya watu. Jina lake lipo kwenye kadi yangu ya kliniki, kwa mwandiko wake mwenyewe, na sitaliandika hapa. Mtu niliyemtendea nilivyomtendea sina haki ya kumtembeza kwa jina.

Niseme mapema, msomaji asije akadhani nimekaa kumsifia tu. Nilimdanganya mwanamke huyu, na uongo wangu akaubeba miaka kumi na moja kama kosa lake. Kila ninalolieleza juu yake, hata yale ya kuchekesha, nalieleza huku nikijua hilo.

Alikuwa mfupi, mpana kiunoni, na alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Miwani yake ilikuwa na kamba shingoni lakini aliitafuta kila asubuhi. Sijui kwao wapi wala hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu, "Wa kwangu au wa zamu?" kisha akarudi kwenye kazi yake, ukabaki na swali lako.

Jumanne ilikuwa siku ya wajawazito, na Jumanne alikuja na kikapu. Sisi tunakaa kwenye mabenchi ya ubao, matumbo mbele, yeye anasimama na kutoa vitu kimoja kimoja kama mchuuzi. Kwanza punje ya ulezi, aliyoiweka kwenye kiganja cha mwanamke aliyekuwa karibu. Huyo ndiye mtoto, alisema, katika wiki ambayo wewe mwenyewe bado unajiuliza mbona siku zako hazijafika. Halafu choroko: sasa moyo umeanza kupiga, na wewe bado unadhani ni malaria. Halafu harage, na hapo alituonyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo vidole vinachipua, vikiwa bado vimeshikana. Ndimu ilikuwa miezi mitatu. Mtoto ana umbo lote la binadamu, anajinyoosha, anapiga mateke ambayo mama hayasikii. Parachichi mwezi wa nne, ndizi wa tano, hindi lenye maganda wa sita, biringanya kubwa wa saba, ambapo macho yanafumbuka. Mwisho papai. Kila kitu kilipita mkono hadi mkono, na alitaka tukishike sawasawa, tupime uzito. Alisema mwanamke akishika hasahau.

Siku moja mtoto wa miaka miwili aliyeletwa na mama yake alijipenyeza chini ya benchi. Nesi alipofika kwenye parachichi na kutia mkono tena kikapuni, alitoa ganda. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Nesi, mwezi wa tano umeliwa." Tulicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema basi leo tutaruka kutoka wa nne kwenda wa sita, ila msije mkaruka hivyo kwenye kadi zangu. Jioni vyote vilivyobaki alivibeba nyumbani akapika.

Papai ndilo alilolisemea zaidi. Aliligeuza mkononi akatueleza kwamba mtoto anaishi kwa kondo la nyuma, na kondo lina muda wake. Likishapita muda linachoka; chakula kinapungua, hewa inapungua, maji yanapungua, na mtoto yumo ndani anangoja mlango ufunguliwe. "Papai likipitiliza mtini, nje bado linapendeza," alisema. "Ndani limeshaanza." Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa benchi la pili, na papai nililishika.

Alitaka wanaume waje. Walikuja wachache, wengi wakitokea zamu ya usiku kwenye viwanda vya Zegereni, macho mekundu, wakisimama mlangoni kama wameitwa kituo cha polisi. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nesi aliwaambia kuwa kuanzia mwezi wa sita mtoto anasikia, anaijua sauti ya mama na anaweza kuijua ya baba, kwa hiyo kila mmoja aliinamie tumbo la mkewe amsalimie. Mume wangu aliinama, akafikiri, akasema, "Habari za huko?" Wanawake waliangua kicheko. Nesi akamwambia, "Mwambie na wewe ni nani, asije akakuita mjomba." Mume wangu akajitambulisha kwa jina kamili, kama anavyofanya kwenye simu. Nilimpenda sana siku hiyo, na nikiikumbuka sasa inaniuma.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alipiga marufuku ule udongo wanaouza sokoni kwa vipande, ambao wajawazito tunautafuna kama karanga. Alisema unaleta minyoo na kupunguza damu, na akikukuta nao anaumwaga mbele yako. Siku moja nilizunguka nyuma ya zahanati kutafuta choo, nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anatafuna. Aliniangalia bila aibu hata kidogo. "Mimi sina mimba," alisema, akaendelea.

Kwenye mabenchi alikuwa mkali, na methali yake ilikuwa ile ile ya siku zote, mficha uchi hazai. Alikutolea hiyo ukiona haya kuvua, ukificha kwamba unatokwa na uchafu, ukificha kwamba mume anakupiga. Lakini chumba cha kujifungulia kilimgeuza. Humo sauti yake ilishuka mpaka ukabidi utulie ndipo umsikie, na wale wale waliomsema vibaya Jumanne ndio waliouliza kwa uchungu, Nesi yupo zamu? Hongera hakutoa mtoto akitoka. Alingoja kondo litoke, akalitandaza kwenye beseni, akalikagua kipande kwa kipande, na akiridhika ndipo anageuka na kusema hongera mama. Kuna mume mmoja alimkasirikia kwa kuchelewa huko. Nesi akamwambia hongera ya mapema hairudishwi.

Vidole vyake viliaminika kuliko chombo chochote pale. Alipima tumbo kwanza kwa vidole, macho ameyapeleka dirishani, kisha ndipo akachukua futi ya kupimia, na mara nyingi futi ilikuja kukubaliana naye. Alisema tumbo halina sababu ya kusema uongo.

Ila wanawake wa miaka ya karibuni hawamkumbuki kwa kikapu wala kwa vidole. Wanamkumbuka kwa maswali. Ukienda kuandikishwa mimba kwake ulijua asubuhi imekwisha. Hakuuliza mara ya mwisho uliona lini siku zako akaandika. Alikuuliza ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada, mwezi umeandama au bado, vuli ilikuwa imeanza, siku hiyo ulifua wapi, kulikuwa na msiba mtaani, ulipika nini. Ukisema tarehe aliigeuza, akaiacha, akaongea habari za mahindi, kisha akairudia kwa mlango mwingine. Mabinti walitoka wakinung'unika kwamba kwa huyu mama unakwenda na shahidi. Mmoja niliyemfahamu alitoka analia, akaapa harudi. Wengine walivuka barabara ya Morogoro wakaenda kliniki nyingine. Wenzake zahanati walisema ni uzee, umempanda kichwani.

Haukuwa uzee. Mimi nilijua maswali yale yalianza lini na kwa sababu ya nani. Nilikaa kimya kila waliposema ni uzee.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kisarawe, wa ukoo uliokaa pale tangu zamani, mwanamke wa sala tano na muhogo wa kutosha. Nilipopata mimba ya kwanza alikuja Visiga kukaa nami, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba miezi haitangazwi. Kwao, mtu akijua mwezi wako wa kujifungua anaweza kukufunga, na mimba iliyofungwa haitoki. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili hupunguza. Akiulizwa na jirani anapunguza, akiulizwa na shoga anapunguza. Nilimuuliza, na nesi je? Akasema, "Nesi naye ana mdomo. Weye punguza mwezi mmoja kwa kila mtu, usichague, utajisahau." Sikuamini mambo ya kufungwa, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Lakini nilikuwa mgeni katika ndoa ile, na mkwe alikuwa amelala chumba cha pili.

Nilikwenda kuandikishwa nikiwa na miezi mitano kamili, nikasema minne. Nesi alinilaza, akapeleka macho dirishani, vidole vyake vikasimama kwenye kitovu. Aliniuliza tena tarehe. Nikairudia. Alisema tumbo linasema mitano na mimi nasema minne, pengine ni pacha au mtoto mkubwa, basi niende mjini Kibaha nikapigwe ultrasaundi. Aliniandikia karatasi. Mama mkwe alisema picha hiyo ndiyo kutangaza kwenyewe, na karatasi nikaiacha ndani ya pochi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nesi alipoulizia, nilimwambia mashine ilikuwa na foleni ndefu, nitarudi.

Mara ya pili aliniuliza mwezi wa saba wa kadi, ambao kwangu ulikuwa wa nane. Nikarudia ile ile. Uongo ukishaandikwa kwenye kadi na mtu mwingine unaanza kuonekana wa kweli hata kwako, na nyumbani nilikuwa nahesabu wiki zangu mara mbili, za kwenye kadi na za kwenye kalenda ya ukutani.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Kwa kadi nilikuwa na wiki thelathini na saba na nusu. Mama mkwe alikuja nami siku hiyo, akakaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda na mtandio wake begani. Nesi alinipapasa kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akasikiliza moyo wa mtoto, akasema upo vizuri. Akapapasa tena. Akasema maji anayahisi machache, na mtoto amekaa kama ameshikwa. Akachukua kadi akaisoma, akaiweka, akaichukua tena. Maneno yake nayakumbuka yote: "Kadi hii ingesema arobaini, leo hii ningekupeleka hospitali. Lakini inasema thelathini na saba. Mtoto wa thelathini na saba namwacha akomae. Mwanangu, una hakika na tarehe?"

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Nina hakika," nilisema.

Uchungu ulinianza Alhamisi na Ijumaa adhuhuri mwanangu alitoka. Maji yalikuwa ya kijani, mazito. Ngozi yake ilikuwa inabanduka mikononi na miguuni, kucha zimepita ncha za vidole, na hakulia. Nesi alimpulizia pumzi kwa kile kifuko chao cha mpira, akamkanda kifua kwa vidole viwili, akampulizia tena, na aliendelea baada ya wenzake kuacha, mpaka mmoja akamshika bega. Alikuwa mvulana. Nilimwona. Alikuwa na nywele nyingi.

Alipomaliza kumsitiri alikuja kitandani kwangu. Mume wangu alikuwa ameingia, na mama yake. Nesi aliona kucha zile na ngozi ile kabla ya mtu yeyote, na alijua mara moja kwamba tarehe haikuwa sahihi. Nilingoja aniulize. Nilikuwa tayari, nadhani nilikuwa tayari, kusema. Badala yake alinishika mguu kupitia shuka, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikukuuliza vizuri."

Mama mkwe akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mume wangu alikuwa analia. Nikanyamaza.

Baadaye kilikaa kikao, wakubwa wake wakaja, na nilisikia kwamba hakujitetea kwa lolote. Aliwaambia vidole vyake vilimwambia, yeye akaamini karatasi, na karatasi ilikosea kwa sababu yeye hakujua kumuuliza mwanamke kwa namna anayoielewa. Walimwambia hana kosa. Jumanne iliyofuata maswali yakaanza. Kikapu aliendelea nacho, lakini waliohudhuria walisema somo lilifupika, kwa sababu muda wote ulikwenda kwenye tarehe.

Nilizaa tena, mara mbili, hospitali mjini, na nikasema tarehe za kweli kuanzia siku ya kwanza. Sikwenda kwake. Watu wakadhani namlaumu, na mimi nikaacha wadhani hivyo. Tulikutana gengeni na njiani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akawabeba watoto wangu mmoja mmoja na kuwauliza wanasoma darasa gani hata kabla hawajaanza kutembea. Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa wawili, tunangoja muuza samaki akate changu. Nikasema, "Nesi, ile kadi yangu ya kwanza..." Akanikatiza kwa mkono. Akasema nisimkumbushe, anajua, kila siku anajua. Nilipumua kwa afueni, na afueni ile nimeichukia tangu siku hiyo.

Miaka miwili iliyopita alistaafu, akahamia Kisarawe, juu mlimani, kwenye kiwanja alichokuwa amekinunua zamani akapanda mananasi. Si mbali na kwa mama mkwe. Idd mbili nilikwenda kusalimia wakwe, nikapita mbele ya nyumba yake, nikamwona mgongo shambani, nikapita.

Safari hii nilikwenda kumsaidia mama mkwe, anaumwa magoti. Wifi yangu mdogo, binti yake wa mwisho, alikuwa na mimba na kesho yake alikuwa aende kuandikishwa kliniki. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikamsikia mama mkwe ukumbini, sauti ile ile, miezi haitangazwi, weye punguza mmoja kwa kila mtu. Nilitoka na mikono inachuruzika maji. Nikamwambia wifi kwamba atasema tarehe ya kweli, na asiposema nitakwenda naye niiseme mimi. Mama mkwe aliniangalia. Hakubisha. Alijua ninachozungumzia, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kwa mmoja wetu kukigusa. Nilijifuta mikono kwa kanga nikapanda mlima moja kwa moja, maana ningekaa chini nisingeinuka.

Nesi alikuwa uani, anamenya muhogo wa kuanika. Alikuwa amekonda. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Aliuliza watoto, nikajibu. Aliuliza mume, nikajibu. Nikaona tukifika kwenye habari za mvua sitasema tena.

"Nesi, uliniuliza vizuri," nilisema.

Akauliza nini.

"Tarehe. Uliniuliza vizuri, mara zote tatu. Nilikuelewa. Nilipunguza mwezi kwa makusudi. Na ultrasaundi sikwenda kabisa."

Kisu kilimaliza muhogo ule aliokuwa ameushika. Aliuweka kwenye ungo, akakiweka na kisu.

"Jumanne ile ulikuwa na wiki ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahesabu kwenye kalenda."

Aliangalia mikono yake, kisha akaipangusa kwenye gauni. Alizungumza polepole, kama alivyokuwa akizungumza chumba cha kujifungulia, na ilibidi nisogee. Alisema amewahoji wanawake miaka tisa kama polisi. Alisema kuna binti alitoka kwake analia na hakurudi, akajifungulia nyumbani kwao, akafariki, na yeye Nesi alikwenda kwenye msiba ule akakaa mwisho wa jamvi. Hilo sikulijua. Binti huyo nilimfahamu, nilikuwa nimesikia amehamia Mlandizi. Alisema siku zote hizo alikuwa anatengeneza swali, kila mjamzito anaongeza kipande, anaondoa kipande, akitafuta namna ambayo hata mimi ningelielewa.

"Kumbe swali lilikuwa zima," alisema.

Nililia. Yeye hakulia. Aliningoja, kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama nilikuwa namwogopa.

Nikamwambia hapana. Nilitaka ajue kwamba kosa halikuwa la ukali wake. Nikasema, "Niliyemwogopa ni mkwe. Wewe sikukuogopa hata kidogo. Nilijua hutanifanya kitu."

Nilidhani namfariji. Nilisikia nilichokisema baada ya kukisema: nilimdanganya yeye kwa sababu ndiye nisiyemwogopa. Uso wake ulibadilika pale, si kwenye wiki arobaini na mbili wala kwenye ultrasaundi. Nilianza kusema sikumaanisha hivyo, akatikisa kichwa, kwa sababu nilimaanisha hivyo hivyo.

Aliinuka, akabeba ungo wake wa muhogo, akasimama nao mlangoni.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nitakuita."

Ni miezi minne sasa. Wifi aliandikishwa kwa tarehe ya kweli, na juzi amejifungua salama, mtoto wa kike. Mama mkwe anasema Nesi alikwenda kumwona mtoto, akakaa, akanywa uji, akaondoka. Mimi hajaniita.